Beseni la Mzee Ngiri

Nimekuja na ngano!
— Iweke chini tuione!
Ina miguu?
— Ina na pua!
Basi sikilizeni. Anayetaka kupiga chafya apige sasa, tena ageukie ukutani.

Ilikuwa Jumatano, tarehe saba ya mwezi wa sita, saa mbili na robo asubuhi. Mwaka siujui. Ni zamani, zamani za kale, wanyama walipokuwa wakialikana na kuzikana. Saa hiyo, kwenye mlima wenye baridi kali, Mzee Ngiri alipiga chafya ndani ya beseni la kunawia.

Mlima ule ulikuwa na desturi yake. Kabla ya kula, beseni moja la maji lilizungushwa. Alianza kunawa mkubwa, kisha anayemfuata, mpaka wa mwisho. Maji hayakubadilishwa. Yaliitwa baraka ya mkubwa, na kuyakataa ilikuwa kumtukana. Yalipofika mwisho yalikuwa mazito kama mchuzi, yamekosa chumvi tu.

Wa mwisho siku zote walikuwa Baba Pimbi na mkewe, kwa kuwa ndio wadogo kuliko wote. Na siku hiyo karamu ilikuwa yao. Walikuwa wanampa jina mtoto wao, na walikuwa na huyo mmoja tu.

"Chaaa!" Ngiri akapiga. Kitu kikaelea.

"Mzee, una mafua," akasema Mama Pimbi.

"Mafua ni ya watoto. Yangu ni vumbi tu."

"Vumbi gani, mzee, na jana kumenyesha?" akauliza Kima.

"Nawa, we mkia!"

Kima akanawa. Digidigi akanawa. Baba Pimbi akanawa. Mama Pimbi akachovya ukucha mmoja, akaufuta kwenye majani.

Siku ya tatu Kima alikuwa akikohoa hadi anadondoka mtini. Wanyama wakaenda kumpa pole. Walijazana nyumbani kwake, madirisha yamezibwa nyasi kwa baridi, huyu anapumua kisogoni mwa yule. Chakula kikaja. Na beseni likaja.

"Chaaa!" akapiga Ngiri.

"Koho! Koho!" akajibu Kima.

Kima akanawa. Digidigi akanawa. Mama Pimbi akamnong'oneza mumewe, "Baba nanihii, usinawe."

"Mke wangu, watu watasema nini?"

Akanawa.

Siku ya tano kifua kilimbana Baba Pimbi. Siku ya saba wakamzika. Na watu walisema nini? Walisema marehemu alikuwa na adabu.

Siku ya tatu ya matanga, wanyama wakakusanyika kwa mjane. Digidigi naye sasa pua zilikuwa zinamchuruzika kama bomba bovu. Mama Pimbi alikuwa amembeba mwanawe mgongoni. Kila mara alimgusa pua. Bado ilikuwa kavu. Moyoni alisema, "Ee Mungu, mmoja umemchukua. Huyu niachie."

Beseni likaletwa. Ngiri akapiga chafya, akanawa. Kima akakohoa, akanawa. Digidigi akainama, pua ikanawa kabla ya mikono.

Beseni likamfikia Mama Pimbi. Hakuchovya hata ukucha. Alilinyanyua kwa mikono miwili, akatembea polepole hadi mbele ya Ngiri, akapiga magoti.

"Mzee wangu, shikamoo."

"Marahaba, mjane."

"Baraka yako imetuzunguka sote. Hata marehemu ilimpata. Leo nairudisha kwa mwenyewe. Kunywa, mzee."

Ngiri akachungulia. Aliona manyoya ya Kima. Aliona uzi mrefu wa Digidigi. Aliona na kitu chake mwenyewe.

"Sina kiu," akasema.

"Baraka hainywewi kwa kiu, baba."

"Mkubwa ni jalala," akadakia Kima. "Pokea, mzee!"

Wote wakamtazama. Ngiri akainua beseni. Meno yake yakagonga ukingo. Harufu ikampanda.

"Yamwageni!" akafoka. "Uchafu gani huu?"



"Uchafu?" akauliza Mama Pimbi. "Na mume wangu aliunawa kwa heshima yako."

Ngiri akainuka na beseni. Aliyamwaga mwenyewe, kichwa chini.

Siku hiyohiyo Mama Pimbi alitoboa kibuyu, akakitundika, akakifunga kamba ya kuvutia kwa mguu. Maji yakachirizika. Pembeni akaweka majivu. Kila mmoja akanawa maji yake, yakaenda zake. Kima na Digidigi wakalala kwao hadi walipopona, chakula kikiachwa mlangoni. Nyasi za madirishani zikatolewa. Ngiri akafundishwa kupiga chafya kiwikoni, na wiki nzima alijichoma kwa meno yake. Hakuna aliyempa pole.

Mtoto wa Pimbi aliivuka baridi ile, pua kavu, akaanza kuruka mawe.

Ngano inatufunza hivi: heshima haiui mafua. Maji ya kunawia yatiririke, anayeumwa akae kwake, na mkubwa naye afunike mdomo.

Ngano yangu naianua hapa. Aliyeisikia akanawe.

Nasi tuliofiwa tuseme pamoja: Ee Mola, mrehemu Baba Pimbi, na warehemu wetu waliotutangulia msimu wa baridi. Wape pumzi nyepesi huko waliko. Amina.