Pua ya Mfalme Litunu

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa ukuta!

Nani kauchafua?

— Si mimi!

Nani atausafisha?

— Mwenye maji!

Haya. Kaeni vizuri. Na wewe uliyekuja na karanga, zigawe au ziweke. Mimi sisimulii huku nasikia meno.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa watu, palikuwa na mji unaitwa Nanjilili. Nyumba zake za udongo, mitaa yake mitatu: wa juu, wa kati na wa chini. Katikati kisima kimoja, maji yake matamu, baridi, hayakauki. Na juu ya wote mfalme mmoja, jina lake Litunu. Huyu Litunu alikuwa na mabata arobaini, na aliwapenda kuliko watu. Siku moja bata mmoja akapiga chafya. Mfalme akasema ni vumbi la miguu ya hawa wanaokuja kuteka maji. Akakijengea kisima ukuta, akatia mlango wa mninga, akatia kufuli, ufunguo akauvaa shingoni. Basi mabata wakaoga asubuhi, wakaoga adhuhuri, wakaoga alasiri. Watu wa Nanjilili wakawa wanateka mtoni, nusu siku kwenda, nusu siku kurudi.

Mtaa wa chini aliishi Bi Somoe, mjane, mchoraji wa kuta kupita wote. Mkono wake ulikuwa mzima, lakini magoti yalikuwa yamekwisha. Mtungi mmoja wa maji ulimlia siku nzima, na kesho yake hainuki. Akaenda kwa mfalme kusema shida yake. Mfalme akamwambia apunguze kunywa. Akaenda tena. Mfalme akamwambia apunguze kuoga. Akaenda mara ya tatu. Mfalme akamwambia kwa kuwa ana nafasi ya kuja kila mara, basi akae awapepee mabata mpaka jua lizame.

Bi Somoe akawapepea. Akarudi nyumbani na mabega yanamuuma, magoti yanamuuma, na roho inamuuma zaidi.

"Nimesema kwa mdomo mara tatu," akasema. "Mdomo umechoka. Safari hii nitasema kwa mkono."

Sasa nisikilizeni hapa, maana usiposikia hapa, mwisho utacheka kwa kuwaiga wenzio.

Watu wa Nanjilili walikuwa na desturi yao. Kila mwaka, kabla ya mvua, walikandika nyumba upya, kisha kina mama wakachora ukutani kwa udongo mwekundu, chokaa na mkaa. Walichora nini? Si maua. Si mbuzi. Si wajukuu. Walichora wasichokitaka. Aliyeliwa kuku na kicheche alichora kicheche. Aliyeliwa mahindi na fukusi alichora fukusi. Homa waliichora kama mtu mwenye miguu mitatu, na msiniulize kwa nini, ndivyo walivyofunzwa. Halafu ikifika Siku ya Toka, mji mzima unashika mafagio na maji, unasugua kuta, maji machafu yanamwagwa kwenye njia ya kutokea mjini, na wote wanasema neno moja. Semeni na nyinyi.

— Toka!

Kwani hamkula? Tena.

— Toka!

Ndiyo hivyo. Mfalme alijua? Angejuaje? Alizaliwa nyumba ya mawe, akakulia nyumba ya mawe, hajawahi kubisha hodi kwa mtu hata kuomba chumvi.

Mwaka huo akasimama roshanini, akatazama kuta za mji, akaona zimejaa panya na nyoka. Wivu ukamshika. Akamwita waziri wake, Nalinga, akamuuliza imekuwaje panya achorwe nyumba zote na yeye asichorwe hata kwenye banda la kuku. Waziri Nalinga alikuwa mwana wa Nanjilili, kalelewa na mama mchoraji. Akafungua mdomo aseme. Akakumbuka mabata na upepeo. Akakohoa.

Mbiu ikapigwa: kila nyumba imchore mfalme, na achorwe mkubwa kuliko kila kilicho ukutani. Siku saba. Atakayekosa atawapepea mabata mwaka mzima.

Mji ukaisikiliza mpaka mwisho. Kisha mwanamke mmoja akauma kanga yake. Na wa pili akauma yake. Mpiga mbiu akadhani wamezidiwa na furaha. Bwana mmoja mtu mzima ilibidi akacheke zizini, akarudi na majani kichwani.

Kina mama wakakutana uani kwa Bi Somoe, washauriane namna ya kumchora. Loo, wachoraji! Mtu usiombe kuwaweka wachoraji kwenye mkeka mmoja. Wa mtaa wa juu wakasema mfalme achorwe mkubwa, macho kama masinia, maana kinachotisha ndicho watu hukisugua kwa nguvu. Wa mtaa wa kati wakasema huo ni uongo, achorwe alivyo, na kitambi chake na chunjua lake. Ukichora mrefu, atatoka mrefu, na huyu wetu mfupi atabaki. Wa mtaa wa chini wakasema wenzao wote wanapoteza udongo. Ichorwe pua tu. Kila jambo la watu, pua ya Litunu ndiyo hutangulia kuingia, basi na itangulie kutoka, mwenyewe ataifuata.

Wakabishana mpaka miiko ikaruka. Mtaa wa juu wakawaita wa kati wambea. Mtaa wa kati wakawaita wa juu waoga. Wote wawili wakawaita wa chini vichaa. Watu wenye shida moja, adui mmoja, wakawa hawasalimiani kwa sababu ya pua. Mnacheka? Nendeni mkawaone wapiga ngoma.

Bi Somoe akagonga sufuria na mwiko. Akasema kila mtaa uchore unavyoona, ila anaomba jambo moja: rangi ya pua ikorogwe kwa maji ya mabibo, nayo ipakwe mara tatu.

Kina mama wakatazamana. Nani hapa hajui doa la bibo? Wewe mwenye shati jeupe, kula bibo moja tu, halafu urudi kwa mama yako utaeleza.

"Lakini halitatoka," wakamwambia.

"Najua," akasema Bi Somoe, akaendelea kutwanga mkaa.

Siku ya saba mfalme akatoka kukagua, amevaa joho, ufunguo shingoni, mabata nyuma yake mstari mmoja, waziri nyuma ya mabata.

Akafika mtaa wa juu. Akajiona ukutani, mkubwa kama jengo, macho kama masinia, kasimama kati ya nyoka wawili. Akauliza kwa nini nyoka. Waziri akakohoa, akasema labda kwa ukali. Mfalme akafurahi, akasema mtaa huu wana akili.

Akafika mtaa wa kati. Akajiona na kitambi, akajiona na chunjua, na fukusi wamemzunguka pande zote. Akaguna kidogo. Akauliza kwa nini fukusi. Waziri akakohoa, akasema labda kwa kuwa mfalme yupo katika kila wanachokula. Mfalme akafurahi tena, akasema hata chunjua limekaa vizuri.

Akafika mtaa wa chini. Akaona ukuta wa Bi Somoe umejaa kitu kimoja, kikubwa, chekundu, kina matundu mawili, na kando yake mtu mwenye miguu mitatu. Akasogea, akarudi nyuma, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto. Akauliza yeye mwenyewe yuko wapi. Bi Somoe akamjibu kwa adabu zote kwamba hiyo ni pua yake, na mwili uliobaki haukuhitajika. Mfalme akauliza kwa nini pua. Waziri akakohoa. Akakohoa tena. Akakohoa mpaka akakaa chini.

Basi mfalme, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akainama akaingia ndani ya nyumba ya mtu. Akaona chungu, akaona kitanda cha kamba, akaona mtungi mtupu. Akaketi juu ya kinu.

"Mama," akasema, maana ndani ya nyumba ya mtu hata mfalme hushuka sauti, "mbona hamchori mbuzi?"

"Mbuzi tunawataka, mfalme."

Nje bata mmoja akapiga chafya.

Mfalme akahesabu kwa vidole: kicheche, fukusi, nyoka, panya. Akafika kidole cha tano, akakitazama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nifuteni. Leo hii."

"Tutakufuta. Kwa maji gani?"

"Ya mtoni."

"Mtoni ni nusu siku kwenda na nusu siku kurudi, na nyumba ziko mia tatu. Siku ya Toka ni keshokutwa. Itakukuta bado uko ukutani."

"Ikinikuta?"

"Wanaokutwa ukutani hutoka."

"Hutoka wakaenda wapi?"

Bi Somoe akafikiri kidogo. "Kicheche hajarudi kutuambia," akasema.

Mfalme alivyotoka mle ndani! Joho lilibaki kwenye kinu. Alikimbia mwenyewe, kwa miguu yake mifupi, mabata wakimkimbilia nyuma wakidhani wanakwenda kuoga. Akafika kisimani, ufunguo ukakosa tundu mara moja, ukakosa mara ya pili, mara ya tatu kufuli likafunguka. Akaiita Nanjilili yote ije iteke. Watu wakaja na mitungi, wakaja na masufuria, wakaja na vibuyu. Walikunywa kwanza. Bi Somoe alikunywa kata tatu, ya nne akaimwagia magotini, machozi yakamtoka waziwazi wala hakuyafuta. Ndipo wakaanza kusugua.

Macho kama masinia yakatoka. Kitambi kikatoka. Chunjua likatoka, na mtaa wa kati wakasikitika kidogo, maana walilichora kwa moyo. Pua ikabaki. Ikasuguliwa kwa fagio, ikasuguliwa kwa kifuu, ikasuguliwa kwa mchanga. Mia tatu ya nyumba, mia tatu ya pua, nyekundu vilevile.

Mfalme akataka kurudisha kufuli jioni hiyo. Wakamwambia bado pua. Akataka kulirudisha kesho yake. Bado pua. Siku ya Toka ilipofika akawaangukia wasiiseme ile kauli, wakakubali kuiahirisha, kwa sharti kwamba kusugua kuendelee kila siku na mlango wa kisima ubaki wazi. Akauliza pua zitachukua muda gani kutoka. Wakamwambia wao si wataalamu wa pua.

Na kila msimu wa mabibo, Bi Somoe aliinuka na kikopo chake cha maji ya mabibo, akapita nyumba kwa nyumba kuwajulia hali wenzake. Mtaa wa juu na mtaa wa kati walikuwa wameanza kusalimiana naye. Walimkaribisha, wakamgeuzia mgongo kwa heshima, yeye akapaka anapopaka.

Mabata je? Walipoona kisima kimejaa watu, walikasirika. Wakaenda kuoga mtoni, nusu siku kwenda, nusu siku kurudi.

Ufunguo ulishika kutu shingoni mwa Litunu, ukamchafua kifua. Mlango wa mninga waliufanya meza ya kukatia kisamvu. Na mpaka anazeeka, kila asubuhi mfalme alishuka mtaa wa chini, akasimama nje ya nyumba ya Bi Somoe, akabisha hodi kama watu, akakaribishwa, akapewa maji kwenye kata, akayanywa. Kisha aliuliza swali lake lile lile.

"Mama, imetoka?"

Bi Somoe alitazama ukuta, akatazama mtungi wake uliojaa pomoni.

"Bado pua, mfalme."

Hadithi yangu nimeichora, mwenye maji aisugue. Ikitoka ni yenu, ikibaki ni yangu. Nani kauchafua ukuta?

— Si mimi!

Basi nionyesheni mikono.