Faili la Kumi na Tisa na Pua ya Sange

Masikio mnayo?
Tunayo.
Yameziba?
Yako wazi.
Basi namimina.
Mimina, tunakinga.

Nilikuwepo. Naanza na hilo, maana kuna watu hapa kila nikisimulia wanakohoa. Siku Sange alipomuumbua Kiboko mimi nilikuwa palepale barazani, nimekaa nyuma ya Tembo. Kuona sikuona sana. Kusikia nilisikia yote.

Wanyama wa Mto Mlamba walikuwa wameendelea kutuzidi sisi. Walikuwa na kompyuta, ukuta mweupe wa kuangazia picha, na tovuti ya baraza, ambamo kila karatasi ya baraza iliwekwa kama faili ili yeyote aisome. Sheria ilikuwa moja: faili la baraza halifutwi. Kwa hiyo kila asubuhi Karani Kobe aliyahesabu mafaili, moja, mbili, tatu, mpaka arobaini na moja. Yakitimia, anapiga muhuri, ko, anakwenda kuota jua. Kufungua faili aone lina nini haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kuhesabu, na aliifanya kwa uaminifu wa kutisha.

Mtunza tovuti alikuwa Kiboko. Alichaguliwa kwa elimu yake kubwa, na pia kwa sababu walipoulizwa nani anapinga, yeye alipiga mwayo, wote wakayaona meno.

Sasa Kiboko akaitamani chemchemi ya juu, wanakokunywa wote. Alikuwa na mto mzima wa kulala ndani yake, lakini mkubwa mwenye majukumu mengi, mto mmoja utamtosha nini? Akatangaza kwamba Ijumaa baraza litakaa, na isipoonekana hati ya kusema chemchemi ni ya nani, yeye ataizungushia ua wa miiba aitunze. Aitunze, jamani. Hakusema aichukue.

Hati ilikuwepo. Ilikuwa faili la kumi na tisa. Kuifuta hakuweza, kwani Kobe angehesabu arobaini na ingekuwa msiba. Basi akabadilisha lebo tu. Palipoandikwa "Hati ya Chemchemi" akaandika "Picha ya Kiboko Akitabasamu", na ile alama ya mwisho inayoiambia kompyuta hili ni faili la namna gani, akaweka ya picha. Kompyuta ina adabu sana, huamini inachoambiwa.

Akaja Punda Milia kutafuta hati. Akabonyeza mafaili yote, ta, ta, ta. La kumi na tisa likaonyesha kifremu kitupu chenye ufa katikati. Akamwuliza Kiboko. Kiboko akajibu, "Mtandao mdogo. Jaribu kesho."

Akaja Twiga. Ta, ta, ta. Kifremu kitupu. "Mtandao mdogo. Jaribu kesho."

Akaja Bi Swala, aliyezaa juzi, mtoto miguu bado inatetemeka. Chemchemi ikifungwa, itabidi wakanywe kwenye bwawa la Mamba, na mwanawe wa kwanza aliishia hukohuko. Ta, ta, ta. Kifremu kitupu.

"Mtandao mdogo, mama," akasema Kiboko kwa huruma. "Jaribu Jumamosi."

Bi Swala akaenda kwa Sange, yule mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyoweza kupita kitu bila kukinusa. Sange akamweleza kwamba lebo inaandikwa na mtu kwa nje, lakini kila faili lina herufi zake za mwanzo huko ndani, na hizo ndizo zinazosema kama ni hati, picha au wimbo. Akajifungia siku mbili, akatengeneza nyongeza ndogo ya kubandika kwenye kivinjari, lile dirisha la kufungulia mtandao. Akaiita Pua. Pua haisomi lebo. Inanusa mwanzo wa faili, nus nus nus, inakwambia ni kitu gani, kisha inakuonyesha. Ikanusa la kumi na tisa. Sange akacheka mpaka akapiga chafya.

"Twende tukawaambie," Bi Swala akasema.

"Tukiwaambia sisi, dada, atasema tumeitunga. Ngoja aitetee mwenyewe."

Ijumaa ikafika. Miiba ya ua imeshakatwa, imerundikwa pembeni. Sange akainuka kwa unyenyekevu wa kuchukiza.

"Mheshimiwa, naona aibu kusema. Kuna maneno mtaani kwamba ile picha yako ya kutabasamu si yako. Wanasema ni ya Ngiri."

Ngiri akatazama chini, amefurahi. Kiboko akafura, fuuu, akasimama mbele ya wote.

"Faili hilo nimeliweka mimi, kwa mkono wangu. Hakuna mwingine aliyeligusa, na kila kilichomo ndani yake ni kweli tupu. Karani, andika."

Kobe akaandika, taratibu, akapiga muhuri. Ko.

"Basi tukuone, mheshimiwa," Sange akasema.

Kiboko akaanza yale ya mtandao mdogo. Sange akamwambia ameleta nyongeza ya kivinjari, bila shaka mheshimiwa anaijua. Kiboko hakuijua hata kidogo, lakini msomi atasemaje hajui? Akasema aliwahi kuitumia zamani, ikamchosha. Ibandikwe.

Ta. Nus nus nus. Ukutani pakatokea maneno: *Faili hili si picha. Ni hati.* Halafu hati yenyewe: chemchemi ya juu ni ya wanyama wote, Kiboko ataoga mtoni. Chini yake, unyayo wa Kiboko, mpana kama sinia.

Kiboko akasema imeghushiwa. Kobe akavaa miwani, akamsomea: "Kila kilichomo ndani yake ni kweli tupu."

Kiboko akainamisha kichwa, machozi ya aibu yakamlengalenga, akaomba radhi, akajitosa mtoni, chubwi. Bi Swala hakungoja kikao kifungwe. Tulimwona kule juu, mtoto amezamisha mdomo mpaka puani. Kiboko alibaki mtunza tovuti, kwani nani mwingine ana uzoefu?

Fundisho ni hili: msipekue mafaili ya wakubwa. Lebo ikisema picha, ni picha. Ukiambiwa mtandao mdogo, shukuru, urudi nyumbani na kiu yako.

Ngano yangu naikunja.
Ikunje.
Naitia kwapani.
Nenda nayo salama.

Ila msinikoholee njiani. Yote niliyosema ni kweli isipokuwa jambo moja, nililiongeza ili mlale vizuri: lile la Kiboko kuona aibu.