Vuai na Pazia la Sultani

Hapo zamani, katika mji wa Mtangamwe, alitawala Sultani Hatimi bin Mwinyijuma, mtu aliyechukia mno maneno ya ziada. Mtu akisema "panda juu", yeye humwuliza, "Kwani kuna kupanda chini?" Basi akatoa amri: atakayesema jambo moja mara mbili atahama mji.

Wa kwanza kunaswa alikuwa mpiga mbiu, Vuai bin Kombo (wala si Kombo bin Vuai, ambaye ni baba yake, na alikuwa mtu wa maneno machache). Vuai alipita sokoni akinadi, "Enyi watu, shukeni chini pwani, mrudi tena nyumbani mapema!" Akaletwa barazani.

"Vuai," akasema Sultani, "kesho ni Idi, nawe utanitangaza kwa wageni. Likikutoka neno moja la ziada, wewe na mkeo mtahama."

"Bwana wangu, mimi ukiniondolea maneno ya ziada inabaki kanzu tu, nayo ni ya kuazima."

"Kesho," akasema Sultani.

Ikawa asubuhi ya Idi ukumbi umejaa. Na desturi ya mji ule, Sultani hukaa nyuma ya pazia, wala hatoki mpaka mpiga mbiu amtaje. Vuai akasimama, akawatazama watu, akanyamaza. Wageni wakakohoa. Pilau ikaanza kupoa. Waziri Shekue akamnong'oneza, "We Vuai, umekufa?" Vuai akatikisa kichwa.

Mwisho pazia likatikisika. "Vuai! Mbona hunitangazi?"

"Bwana wangu, nani hapa asiyejua kuwa u nyuma ya pazia? Hata mimi, mjinga wa mji, najua. Nikiwaambia wanalolijua nimesema la ziada, na mke wangu ameshanionya: tukihama, mizigo yote nitabeba mimi."

"Basi nikae humu mpaka lini?"

"Hilo, bwana, waijua amri yako."

Harufu ya pilau ikapenya pazia. Kisha Sultani akapiga kelele, "Nitangaze! Sultani Hatimi, mtukufu, mwenye enzi, mwenye mamlaka, mwenye njaa! Usipunguze hata moja!"

Vuai akapaza sauti, akayataja yote, akaongeza na yake. Sultani akatoka akicheka hata kilemba kikamwinamia, akaifuta amri palepale, akamketisha Vuai ubavuni pake wale sahani moja. Na Vuai siku hiyo hata kushukuru hakushukuru, maana kinywa kilikuwa kimejaa.