Chumba cha Uani

Ndugu zangu, joto la leo kali, na nyinyi wa safu ya mbele nimewaona mlivyogombania feni. Haya, kaeni. Nina maneno machache, na kusema kweli hata mimi naona aibu kuyasema.

Palikuwa na bwana mmoja, mtu wa heshima zake, kajenga nyumba nzuri mjini. Akamleta mama yake kutoka shamba aje kukaa naye. Watu wakamsifu, we acha tu! Lakini mama alimweka wapi? Chumba cha uani, alichokuwa akihifadhia saruji. Bati liko karibu na kichwa, dari hakuna, kidirisha kimoja tu, nacho kinatazama ukuta wa jirani. Na huo ulikuwa mwezi wa pili. Mnaujua mwezi wa pili.

Mkewe akamwambia, "Mume wangu, tumpelekee mama feni moja. Mle ndani hapakaliki."

"Aah, mama yule? Kalima juani miaka arobaini. Amezoea."

Lahaula! Nani aliyewahi kuzoea kuokwa? Na sikilizeni jingine. Choo kilikuwa ndani ya nyumba kubwa, na mlango wa uani hufungwa kwa komeo ikishaingia magharibi. Mama hakutaka kugonga, asije akaudhi watu. Akafanya nini? Akaacha kunywa maji. Joto lote lile, mtu mzima anakunywa funda moja asubuhi, funda moja mchana, kwa sababu anaona haya kubisha hodi kwa mwanawe wa kumzaa.

Siku moja mchana mkewe akamkuta sakafuni, midomo imekauka, mwili unawaka, jasho hata tone hana, na jina la mwanawe halikumbuki. Wakamkimbiza hospitali, akatundikiwa dripu. Alipozinduka, daktari akamuuliza, "Bibi, nyumbani unalala wapi?"

Yule bwana akainamisha kichwa. Alijua leo ameumbuka.

Mama akamtazama mwanawe, kisha akasema, "Nalala chumba kizuri, daktari. Kina feni, na maji yako karibu. Mwanangu ananitunza, Mungu ampe kheri."

Daktari akafurahi. "Hongera, kaka. Basi mrudishe chumba hicho hicho, wala usimbadilishie. Kwa umri wake, joto likimpiga tena namna hii, hatutamuwahi."

Na yule bwana akajibu nini? "Sawa, daktari." Basi! Mama yake kalala pale na sindano mkononi, anamsitiri, naye anapokea hongera.

Naona mnanitazama, mnasubiri nimalizie. Mama alirudishwa wapi? Mimi nitajuaje? Kaangalieni majumbani mwetu, maana bwana huyo ni sisi. Sisi ndio tunaosifiwa kwa kuwaleta wazee wetu mjini, na wao ndio wanaotufichia aibu zetu mbele za watu.

Leo tukimaliza, msinipe mkono. Wewe unayenisikia, nenda moja kwa moja chumbani kwa mama yako, mchana huu huu. Funga mlango, ukae kitandani kwake dakika kumi. Mimi juzi niliingia kwa mama yangu. Dakika ya tano nikatoka nje. Yeye yumo humo mwaka wa tatu.