Bi Fuko na Ukuta Uliotoa Jasho

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo!
Basi kaeni. Na wewe unayetafuna huko nyuma, acha. Hii haina kicheko kingi.

Hapo kale wanyama wa bonde walijenga ukuta wa udongo kuzuia mto. Kila mnyama alileta udongo wake, akaushindilia kwa miguu yake, tifu, tifu, tifu. Bwana Kiboko akaleta wake umejaa majani matupu, akaumwaga, akaenda kulala. Nani angemkagua? Bwawa lilipojaa akajitwalia. Tena akajilaza kwenye mfereji wa kupunguzia maji, akauziba kwa tumbo lake, ili maji yapande yamfike shingoni. Walioishi chini ya ukuta hakuwauliza.

Huko chini aliishi Bi Fuko na wanawe wanne, wachanga, hata macho hawajafumbua. Bi Fuko haoni vizuri, lakini udongo anaujua. Asubuhi moja akasikia ukutani, chiriri, chiriri. Maji yalikuwa yanatoka, tena pale pale kwenye kipande cha Kiboko. Akayakinga kibuyuni, akayaacha yatulie, akatia kidole. Matope. Maji yakitoka safi, ukuta unavuja tu. Yakitoka na matope, ukuta unaliwa kutoka ndani.

Akapanda juu, akasema, "Bwana mkubwa, ukuta unaliwa. Ondoka mferejini, maji yapungue."

"Ukuta unatoa jasho," Kiboko akajibu. "Hata mimi natoa jasho. Mbona sibomoki?"

Siku ya pili akakinga, akapima, matope yamezidi. Akapanda, akasema yale yale. Kiboko akamrusha kwa pua, mbwata! Akashuka anachechemea.

Siku ya tatu akakinga, akapima, matope nusu kibuyu. Akapanda. Safari hii hakusema kweli.

"Bwana mkubwa, kuna jambo nilikuficha. Kule chini wanakuibia. Wametoboa ukuta wako, wanakunywa bwawa lako bila kukuomba."

Kiboko akafura kwa hasira, akataka aonyeshwe. Bi Fuko akampeleka, akamwambia tundu lile haliwezi kuzibwa ila na tumbo kubwa kama lake. Kiboko akajibwaga juu yake, puu! Kule juu mfereji ukafunguka, maji yakaanza kwenda zake pembeni mwa bonde, shaa, shaa.

Ila ukuta ukizibwa pa kupumulia hujaa maji ndani, ukalainika. Bi Fuko alilijua hilo. Akaanza kuwabeba wanawe kwa mdomo kuwapeleka kichuguuni. Akabeba wa kwanza. Kiboko akataka kuinuka, tumbo linamwasha. Bi Fuko akamsifu, naye akalala. Akabeba wa pili. Kiboko akataka kuinuka. Akamsifu, akalala. Akabeba wa tatu. Jua likapita utosini. Kiboko akasema amechoka, anarudi mferejini kwake.

Bi Fuko alikuwa juu ya kichuguu. Wa nne yuko shimoni, analia. Akishuka kumchukua, huko chini sauti yake haitasikika, na Kiboko ataondoka. Na bwawani bado mna maji ya kulimaliza bonde zima.

"Lala kidogo tu, bwana," akasema. "Nani mwingine ataiweza kazi hii?"

Kiboko akalala, Bi Fuko akazidi kumsifu huku maji yakipungua bwawani. Ukuta ukaporomoka, gubu!

Maji yaliyobaki yakawafika swala magotini, yakapita. Kiboko hakuonekana tena. Shimo nalo halikuonekana. Majirani wakaja kumshukuru Bi Fuko, wakamkuta anafukua matope. Wakamwambia inatosha. Alifukua mpaka kucha zikamtoka.

Hadithi nimeitua hapa, anayeitaka aibebe.

Na funzo lake? Wanangu, mwambieni mkubwa kweli tupu. Akiwapiga, mwambieni tena. Wakubwa ni wasikivu sana.