Maziwa Mazito ya Mama Kindi

Paukwa.

Pakawa.

Chungu kikawa, kuni zikawa, moshi ukawa. Mpishi akawa kimya, na asiyepika akawa na maneno.

Naye alikula?

Alikula. Tena alikula kabla ya wenye chungu. Kaeni vizuri msikie.

Hapo kale, katika msitu uliokuwa nyuma ya minazi, aliishi Mama Kindi na wanawe wawili. Mkubwa aliitwa Shungi, binti mwenye maneno mengi, na mdogo aliitwa Kito. Kito alikuwa mtoto mwenye afya, anapanda, anaruka, anaimba, ila kitu kimoja kilimshinda: maziwa. Akiyagusa hata kwa ncha ya ulimi, macho yanavimba, tumbo linajaa, na kifua kinalia fii, fii, fii, kama filimbi iliyopasuka. Mama yake aliliona hilo tangu mtoto alipoacha kunyonya, na tangu siku hiyo hakuna tone la maziwa lililoingia jikoni kwake.

Je, watoto walishinda njaa? Hawakushinda njaa. Asubuhi walikunywa uji wa mtama uliotiwa tui. Mchana walikula muhogo wa nazi. (Wako wanaosimulia kwamba yalikuwa maboga. Wanakosea, maboga yalikuwa ya msimu wa mvua.) Jioni walikula vipopoo, vile vidonge vidogo vya unga vinavyochemka ndani ya tui lenye hiliki. Na wakitoka kucheza, kila mmoja alikuwa na kipande cha kashata ya ufuta mkononi. Mama Kindi alikaa juu ya mbuzi, kile kibao cha kukunia, akakuna nazi, kwaru, kwaru, kwaru. Akakamua tui katika kifumbu, chwii, chwii, chwii. Akapika, watoto wakala, vyungu vikalambwa mpaka vikang'aa.

Sasa, msituni humo alikuwapo Bwana Nyati. Nyumbani kwake maziwa yalikuwa mengi. Waliokamuliwa walikuwa wake zake, si yeye, lakini sifa alizichukua yeye. Akaweka desturi yake mwenyewe: chungu chochote kikiingia maziwa ya Nyati, Nyati ndiye anayeanza kula. Kila mchana alitoka na kibuyu shingoni, akapita jiko kwa jiko. Kwatu, kwatu, kwatu, kwato zake. Chubwi, chubwi, chubwi, kibuyu chake.

Akifika mlangoni huuliza, "Chungu bila maziwa ni nini?"

Wenyeji hujibu, "Ni udongo."

"Na maziwa ni ya nani?"

"Ni yako, Bwana Nyati."

"Basi aanze nani?"

"Anza wewe, Bwana Nyati."

Anamimina tone moja, anaanza, na akishaanza haachi. Watoto wa Bi Kanga walikuwa wamezoea kula ukoko.

Siku moja akafika kwa Mama Kindi. Kwatu, kwatu, kwatu. Kito akamwamkia, "Shikamoo, babu." Nyati hakuitikia. Alikuwa anatazama chungu.

"Chungu bila maziwa ni nini?" akauliza.

"Ni chungu," akasema Shungi.

Nyati akamtazama, akamtazama mama yake. "Mama Kindi, huyu binti amelelewa na nani?"

"Na mimi, Bwana. Karibu. Hapa kwetu hatutumii maziwa, yanamdhuru mdogo wake."

"Maziwa yanamdhuru mtoto? Nani amewahi kusikia jambo hilo? Mimi nimekunywa maziwa tangu nizaliwe, nitazame."

"Nakuona, Bwana. Lakini mwanangu si ndama."

"Chakula kisicho na maziwa kina upungufu. Ngoja nionje nijue kimepungukiwa nini."

Akaonja kijiko. Akaonja upawa. Akaonja kwa mdomo mzima, hlap, hlap, hlap, mpaka sauti ikaanza kutoka chini kabisa ya chungu. Akajifuta, akacheua.

"Kimepungukiwa maziwa," akasema, akaondoka.

Watoto wakatazama chungu, wakamtazama mama yao. Mama Kindi alichukua nazi nyingine akakaa juu ya mbuzi, na siku hiyo alikuna kwa nguvu mpaka Bi Kanga, jirani yake, akachungulia kuuliza kuna nini.

"Kuna mtu amekula chakula cha wanangu huku akikitukana," akasema Mama Kindi.

"Ah, shoga, ndivyo alivyo. Mpe tu mtoto maziwa kidogo kidogo, atazoea."

"Watoto wako wamezoea ukoko?"

Bi Kanga akarudi kwake.

Nyati akaja tena kesho yake, akaonja. Akaja tena, akaonja. Kila mara chakula kimepungukiwa maziwa, na kila mara chungu kinabaki kitupu. Hilo Mama Kindi angelivumilia, maana nazi zilikuwapo na mikono alikuwa nayo. Lakini likaja lisilovumilika. Siku Mama Kindi alipokwenda kuokota kuni, Nyati akapita jikoni akakuta uji umeachwa upoe. Hakuomba, hakuuliza. Alichomoa kizibo cha kibuyu akamimina. Kisha akakoroga kwa pembe yake, ile anayochimbia matope, akajificha kichakani aone.

Kito akaja akanywa kama kawaida yake.

Mama Kindi aliporudi alimkuta mtoto amelala chini, macho yamefumba kwa uvimbe, kifua kinalia fii, fii, fii. Shungi alikuwa anampepea kwa kifuniko cha chungu huku analia. Mama akatupa kuni, akambeba Kito akamketisha wima kifuani pake, akamshika hivyohivyo mchana kutwa, akisikiliza kila pumzi kama imetoka na kama itarudi. Jua lilipolala ndipo kifua kilipotulia.

Nyati akatoka kichakani. Mwenye aibu angetokea upande wa pili na kwenda zake.

"Mtoto wako anadeka," akasema. "Umemdekeza kwa matui yako. Kesho nitaita watu wote, nami nitamnywesha kibuyu kizima mbele yao. Akishakinywa atapona deko, na chungu chako kitaingia katika desturi kama vyungu vingine. Ukikataa, hama msitu huu."

"Bwana Nyati, mtoto huyu nusura afe."

"Hakufa."

Ndivyo alivyojibu. Hakufa. Mama Kindi alimtazama mpaka akapotea, kwatu, kwatu, kwatu. Aliwaza mambo mawili. La kwanza, kwamba kibuyu kizima kitamuua mwanawe. La pili, kwamba yule mkubwa amekula jikoni kwake mara nyingi hivyo, na hajauliza hata siku moja kinachopikwa kinatoka wapi. Anayajua maziwa kwa kuwa ni meupe, basi. Alipolifikia hilo la pili, akaenda kutazama mafuta ya nazi yaliyobaki.

Alfajiri akajipaka mafuta ya nazi mikononi, viganja na vidole vyote, kama afanyavyo kila mtu aliyewahi kupasua fenesi. Akapanda mfenesi uliokuwa mbele ya nyumba akachagua fenesi bichi, kubwa, akalikata kikonyo. Utomvu ukatoka mweupe, mzito, do, do, do, akaukinga katika kifuu. Akakata la pili, akakata la tatu, mpaka kifuu kikajaa. Akakifunika kwa jani la mgomba, akakiweka kivulini.

Watu wakaja. Bi Kanga akaja na wanawe, Ngiri akaja, Pelele akaja. Na mbele yao wote akaja Nyati, kwatu, kwatu, kwatu, kibuyu kimejaa, chubwi, chubwi, chubwi.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yupo, Bwana," akasema Mama Kindi. "Ila sitayatumia maziwa yako. Leo nina kitu changu cheupe, kiko pale kivulini."

Nyati akasimama. "Cheupe? Cha nani?"

"Si chako."

"Ni kizito?"

"Kizito kuliko maziwa ya nyumbani kwako. Lakini hiki si cha kunywa, Bwana Nyati."

"Unanificha," akasema Nyati. "Watu wote sikieni. Maziwa ya msitu huu ni ya nani?"

"Ni yako, Bwana Nyati."

"Basi aanze nani?"

"Anza wewe, Bwana Nyati."

"Nakuambia mbele ya majirani," akasema Mama Kindi, "haya yametoka mtini. Ukiyatia kinywani utanyamaza."

"Mti unakamuliwa?" Nyati akacheka, mabega yakatikisika. "Mnamsikia? Mpishi wa matui anataka kunifundisha mimi maziwa."

Ngiri akacheka kumfurahisha. Bi Kanga hakucheka. Bi Kanga alikuwa mpishi, na alikuwa ameiona mikono ya Mama Kindi inavyong'aa mafuta. Akafungua mdomo kusema kitu, akawatazama wanawe na mbavu zao, akaufunga.

Nyati akafunua jani. Akaona weupe, akaona uzito, akainua kifuu akamimina chote kinywani. Akatafuna mara moja ili apate utamu.

Nat.

Akajaribu kufungua kinywa. Kinywa hakikufunguka. Akajaribu kwa nguvu, shingo ikatutumka. Meno ya juu yameshika ya chini, mdomo umeshika mdomo, ulimi umeshika kila kitu.

"Mmm," akasema Nyati.

"Nilimwambia," akasema Mama Kindi.

"Mmmmm."

Akasugua mdomo ardhini, majani makavu yakanasa, akawa na ndevu. Akasugua kwenye mgomba, maganda yakanasa, ndevu zikawa ndefu. Watoto wa Bi Kanga walianza kucheka chinichini, kisha hawakuweza tena kucheka chinichini.

"Mama," akauliza Shungi kwa sauti ya kusikika, "utomvu wa fenesi unatolewa na nini?"

"Unatolewa na mafuta ya nazi, mwanangu."

"Kwani tunayo?"

"Yaliyokuwapo nimejipaka. Itabidi nipike mengine."

Nyati akapiga magoti.

Mama Kindi hakuwa na haraka. Akakaa juu ya mbuzi akakuna nazi, kwaru, kwaru, kwaru. Akakamua tui katika kifumbu, chwii, chwii, chwii. Tui la kwanza akalitia katika muhogo wa watoto, maana watoto hawajala tangu asubuhi. Nyati akasema mmm. Tui la pili akalitia katika vipopoo, maana wageni ni wengi. Nyati akasema mmm, machozi yakamtoka. Harufu ya hiliki ikapita mbele ya pua yake, ikazunguka, ikarudi. Watu wakakaa wakala, na kwa mara ya kwanza watoto wa Bi Kanga wakala kilichokuwa juu ya ukoko.

Walipokwisha kula ndipo Mama Kindi alipokuna nazi nyingine, akainjika tui lake, akalichemsha polepole mpaka mafuta yakaanza kuelea. Akayachota kwa upawa, akausimamisha mbele ya mdomo wa Nyati.

"Kwanza nikuulize. Mtoto wangu anadeka?"

Nyati akatikisa kichwa kukataa.

"Utatia tena kitu katika chungu usichokipika?"

Akatikisa kichwa kukataa.

"Chungu hiki ni cha nani?"

Nyati akamwelekezea pembe. Na pembe ile alikuwa ameiosha. Jambo hilo watu wengi hulisahau katika kusimulia.

"Chungu bila maziwa ni nini?" Mama Kindi akawageukia majirani.

Wakatazamana. Ngiri akakohoa. Bi Kanga akasema, "Ni chungu." Wengine wakafuata, "Ni chungu."

Ndipo akampaka. Akapaka mdomo, akapaka fizi, akasugua kwa machicha ya nazi, polepole, mpaka utomvu ukaanza kuteleza na taya zikaachana, pwa. Watu wote wakatega masikio wasikie Nyati atasema nini. Wengine walitegemea ataomba radhi. Shungi alisogea karibu ili lisimpite neno.

Nyati akatoa ulimi. Akaulamba mdomo wa juu, akaulamba wa chini. Akafikiri.

"Vile vipopoo," akasema, "vimebaki?"

Mama Kindi akampa vilivyobaki. Alikuwa mgeni, na yeye Mama Kindi hakulelewa kichakani. Nyati akala taratibu, kwa adabu, akamaliza, akajifuta.

"Ni vizuri," akasema. "Ni vizuri kweli. Ila vingetiwa maziwa kidogo..."

Mama Kindi aligeuza tu macho, akautazama mfenesi. Shungi akautazama mfenesi. Kito, ambaye macho yake yalikuwa bado yana uvimbe kidogo, naye akainua kichwa akautazama mfenesi.

Nyati akaufunga mdomo mwenyewe, bila utomvu, akaenda zake. Kwatu, kwatu, kwatu.

Basi fundisho la ngano hii ni hili, watoto, lishikeni. Maziwa ni chakula bora kuliko vyote, nazi ni ya watu wasio na ng'ombe, na mtoto asiyekunywa maziwa anadeka. Mkubwa akiingia jikoni mwacheni aonje, maana yeye ndiye anayejua. Na mkimwona mkubwa huyo anakinywa kitu asichokijua, msimwambie mara mbili. Adabu ni kumwambia mara moja na kusogeza watoto pembeni.

Ngano yangu imeiva, nimeipua. Aliyeshiba afunike chungu. Aliyeona imepungukiwa na kitu, mfenesi ule pale.

Tumeshiba.

Basi kalaleni.