Ute wa Yai katika Kwaresima

Wamesimulia waliotutangulia, nami nayatoa kama yalivyonifikia, kwamba katika nchi ya Rumi, zama za wafalme wa Konstantinopoli, palikuwa na nyumba ya watawa wa kike mlimani. Humo aliishi Efrosina, mcha Mungu, fundi wa picha takatifu. Alikuwa akichora picha ya Mtakatifu Thekla, na kwa desturi yao uso ulibaki wa mwisho. Rangi aliikoroga kwa kiini cha yai, ipate kushika ubaoni.

Ilikuwa Kwaresima, na wale watu mfungo wao si wa mchezo: nyama hakuna, maziwa hakuna, yai hakuna. Basi Anisia mpishi, ambaye jicho lake halikupitwa na kitu, akaenda kwa Mama Mkuu.

"Mama, kiini kinaingia kwenye rangi, sawa. Na ute je? Nimepekua jalala lote, naona maganda matupu. Ute hauna mabawa!"

Watawa nao ni wanawake, jamani. Kabla ya sala ya jioni habari ilishafika hadi zizini.

Efrosina akaitwa mbele ya wote. "Binti yangu," akasema Mama Mkuu, "mvunja mfungo hachori uso wa mtakatifu. Umekula?"

"Sikula, Mama."

"Nani basi?"

Akainamisha kichwa. Alikuwa ameahidi kunyamaza, na ahadi ni amana. Mama Mkuu akanyoosha mkono kudai brashi, naye akaitoa huku akilia.

Hapo akasimama Bibi Makrina, ajuza aliyesifika nchi nzima kwa kufunga, hata mahujaji wakija kugusa vazi lake.

"Mrudishieni brashi yake. Ute nimekula mimi. Nilianguka kwa njaa mlangoni pake, akanichemshia, nikamwapisha asiseme. Na kesho yake nikarudi."



"Lakini Bibi," akasema Mama Mkuu kwa upole, "mzee dhaifu hana mfungo. Si ungeomba ruhusa tu?"

"Na sifa zangu je, mwanangu? Zile zilikuwa tamu kuliko yai."

Mama Mkuu akambusu mkono, akamwamuru Anisia ampikie yai zima kila siku, alile mezani mbele ya wote. Efrosina akaenda kuchora uso.

Ndugu zangu, udhaifu wa tumbo Mola huusamehe upesi. Kumwacha mwenzio aadhibiwe ili wewe ubaki mtakatifu vinywani mwa watu, hilo atuepushe nalo. Makrina alikaribia kabisa, kisha akasimama. Kusimama kule, naamini, kulimfaa kuliko miaka yake yote ya kufunga.